KUPELEKA FEDHA NCHI ZA NJE: GHARAMA, MIPAKA NA MASHARTI

Chama cha msingi kinapoagiza kipuri cha mtambo wa kahawa kutoka India au Ujerumani, kazi haiishi pale kikao kinapopitisha matumizi. Fedha za wanachama zinapaswa kuvuka mpaka, na njiani hupita katika mikono mingi ambayo kila mmoja una ujira wake. Katibu asiyeifahamu njia hiyo anaweza kulipa ankara yote kwa uaminifu na chama kikabaki kinadaiwa, huku msimu wa mavuno ukipita na mtambo umesimama. Kwa sababu hiyo inafaa jambo hili lielezwe kwa makatibu na wanachama.

Masharti na mipaka

Zamani kila malipo ya nje yalihitaji kibali cha Benki Kuu. Mambo yalibadilika kwa Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992. Mwezi wa Julai 1996 Tanzania ilikubali masharti ya Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani kutoyawekea vizuizi malipo ya kawaida ya biashara na huduma. Kwa hiyo chama kinacholipia bidhaa, au mwanachama anayemlipia mtoto wake karo ya chuo cha nje, huulizwa zaidi ushahidi wa kile anacholipia kuliko wingi wa fedha zenyewe.

Ushahidi huo ni ankara kifani yenye jina na anwani ya muuzaji, muhtasari wa kikao kilichopitisha malipo, saini za waliokabidhiwa akaunti, vitambulisho vyao, na Namba ya Mlipakodi ya chama. Kwa karo, hutakiwa barua ya chuo. Bidhaa zikifika, hati za forodha zihifadhiwe katika jalada hilohilo, kwani benki huweza kuzihitaji.

Ieleweke kwamba kukopesha au kuwekeza mtaji nchi za nje ni jambo jingine, lenye kanuni zake za Benki Kuu. Tena, msafiri anayebeba fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 za Marekani, au thamani yake, hana budi kuzitamka kwa maofisa wa Forodha mpakani. Huduma za simu nazo zina viwango vya juu vilivyowekwa na kila kampuni. Zafaa kwa kumsaidia ndugu, si kwa kununulia mtambo.

Gharama zilizo wazi na zilizojificha

Wengi hudhani gharama ni ile ada inayotajwa dirishani. Sivyo. Gharama ni tatu: ada ya benki, tofauti ya kiwango cha kubadilishia fedha, na makato ya benki za njiani.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Ankara ni dola 2,000. Siku hiyo dola iko Sh. 2,500 sokoni, lakini benki inaiuza Sh. 2,550. Tofauti ya Sh. 50 yaonekana ndogo, ila kwa dola 2,000 ni Sh. 100,000. Ada ya benki ni Sh. 90,000. Basi kiwango kimekigharimu chama kuliko ada yenyewe, wala hakikuandikwa popote kuwa ni gharama.

Kisha benki ya njiani inakata dola 25, na muuzaji anapokea dola 1,975. Anakataa kupakia mzigo mpaka alipwe salio. Dola hizo 25 ni Sh. 63,750, lakini kuzipeleka kunadai ada nyingine ya Sh. 90,000. Jumla ya hasara imekuwa Sh. 343,750, karibu asilimia 7 ya thamani ya ankara.

Dawa ya makato hayo imo katika fomu ya benki. Neno OUR maana yake mtumaji analipa gharama zote. SHA, kila upande unalipa zake. BEN, mpokeaji anakatwa. Anayelipia ankara achague OUR, na aombe benki imthibitishie kwamba fedha zitafika kamili.

Namba na hadhari

Benki hupelekeana maagizo haya kwa mtandao wa SWIFT, ulioanza kazi mwaka 1977. Kila benki ina alama yake ya herufi na tarakimu 8 au 11. Nchi za Ulaya hutaka pia namba ya IBAN, ambayo kwa Ujerumani ina herufi na tarakimu 22. India hutumia alama yake ya IFSC, yenye 11. Kosa la tarakimu moja laweza kurudisha fedha baada ya siku nyingi, zikiwa zimekatwa.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya matapeli. Huingilia barua za muuzaji na kuandika kwa jina lake kwamba akaunti imebadilika. Katibu akipata barua ya namna hiyo, asilipe. Ampigie muuzaji kwa namba ya simu iliyomo katika jalada la zamani, si ile iliyomo katika barua mpya. Fedha zikishatoka, kuzirudisha ni kazi ngumu, na mara nyingi haiwezekani.

Kabla ya kutia saini, Katibu aiulize benki maswali matatu: Ada ni kiasi gani? Dola mnaiuza kwa kiwango gani leo? Mpokeaji atapata kiasi gani mkononi? Aulize katika benki mbili au zaidi, ayaandike majibu, na kuyaweka mbele ya kikao.

Makatibu wanaombwa kuwasomea wanachama maelezo haya katika mkutano ujao. Kila shilingi inayopotea njiani imetoka katika kahawa ya mkulima, naye ana haki ya kujua imekwenda wapi.