Jina Lingine Nje, Injini Nyingine Ndani



Kila fundi wa gereji, awe wa kiwandani au wa shamba la mkonge, anajua kwamba nembo iliyo mbele ya gari haitoshi kukuambia gari ni la namna gani. Fungua boneti kwanza. Wanunuzi wa magari ya Oldsmobile huko Marekani walijifunza jambo hilo mwaka 1977, na habari yao ina funzo kwetu sisi tunaoishi kwa jasho letu.

Oldsmobile ilikuwa mali ya kampuni ya General Motors, pamoja na Chevrolet, Pontiac, Buick na Cadillac. Majina matano, tajiri mmoja. Chevrolet lilikuwa gari la bei nafuu. Oldsmobile iliuzwa kwa bei ya juu zaidi, na injini yake iliyoitwa Rocket ilikuwa ikisifiwa tangu mwaka 1949.

Magari ya Oldsmobile yalipopata wanunuzi wengi kuliko injini zilizokuwapo, kampuni ilichukua injini za Chevrolet za ukubwa uleule, karibu lita 5.7, ikazifunga humo. Wanunuzi hawakuambiwa. Siri ilifichuka mteja mmoja wa Chicago alipopeleka gari lake kwa fundi, na vipuri vya Oldsmobile vikakataa kuingia.

Je, injini ile ilikuwa mbovu? La, ilikuwa imara. Wala si kosa magari ya kampuni moja kutumia injini moja. Kuunda injini mpya hugharimu fedha nyingi, kwa hiyo kampuni hutazama kwanza injini ilizo nazo: je, nguvu yake inatosha uzito wa gari? Inaenea mahali pake na kuungana na giaboksi? Inakula mafuta kiasi gani? Kiwanda kinaweza kuitoa kwa wingi? Kosa lilikuwa kumtoza mtu bei ya jina moja na kumpa kitu cha jina lingine kwa siri. Jimbo la Illinois liliishtaki kampuni. Ilipobanwa na majimbo mengi, kampuni iliahidi kila mnunuzi dola 200 pamoja na dhamana ya ziada ya matengenezo.

Sasa tuitazame injini kwa upande wa mfanyakazi. Kiwanda kinachotoa injini za magari mengi ndicho moyo wa kampuni. Wafanyakazi wa General Motors mjini Flint walilijua hilo zamani. Tarehe 30 Desemba 1936 walianza mgomo wa kukaa ndani ya viwanda. Tarehe 1 Februari 1937 waliwavuta walinzi kwa kuanzisha ghasia katika kiwanda kimoja, huku wenzao wakikitwaa Kiwanda Namba 4, kilichotengeneza injini za Chevrolet. Bila injini hakuna gari. Siku kumi baadaye, tarehe 11 Februari, kampuni ilikubali kukitambua chama cha UAW kuwa msemaji wa wanachama wake.

Lakini upanga huu hukata kuwili. Injini moja ikitosha magari yote, tajiri anaweza kukiambia kiwanda kimoja, "Kazi yenu itafanywa na wenzenu." Hapo mfanyakazi wa Chevrolet akimwona wa Oldsmobile kuwa mshindani wake, wote wawili wamekwisha. Jina lenyewe la Oldsmobile lilifutwa mwaka 2004.

Hata mashamba mawili yenye mabango tofauti yanaweza kuwa ya mwenye mali mmoja. Basi, ndugu, kabla ya kukaa mezani kudai mishahara, tuulize kwanza: mwenye mali ni nani? Ana viwanda gani vingine? Kazi ya mikono yetu inalisha kipi kati ya hivyo? Na wenzetu walioko huko, tumekwisha kuzungumza nao?

Umoja ni nguvu.