Chakula cha Msafiri

Tangu 1997, watu wetu wa Kitale na Bungoma huweza kupanda ndege Eldoret. Mizigo ikiisha kukaguliwa, msafiri huketi kungoja. Hapo hununua kahawa na andazi. Wengine hawali kwa hofu ya safari, wakidhani kujinyima ndiyo imani. Lakini Eliya alipolala amechoka chini ya mretemu, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji mara mbili, ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu (1 Wafalme 19). Mungu aujua mwili wetu. Basi ule kwa shukrani. Na mama yule anayempeleka mgonjwa Nairobi, aliyemaliza akiba kwa tiketi? Mmegee. Amina.