Kibao cha Dukani Hakifuti Sheria

Juma hili nimeulizwa tena swali lile lile. Mtu amenunua pampu ya hewa kwa ajili ya tangi lake la samaki, akaiwasha, isitoe hata povu moja. Aliporudi katika duka la vifaa vya wanyama, muuzaji, bila ya kuinua macho kutoka katika simu yake, alimwonyesha kwa ncha ya kalamu kibao kilichobandikwa juu ya kaunta: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Na muulizaji, badala ya kuniuliza kama maneno hayo yana nguvu yoyote, ananiomba nimfundishe namna ya kumbembeleza muuzaji, maadamu yeye alikisoma kibao kabla ya kulipa.

Nasema kwa mara nyingine, na natamani iwe ya mwisho: kukisoma hakukufungi. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya Kenya, ya mwaka 2012, humhesabu kila amuuziaye mtumiaji bidhaa kuwa amedhamini ubora wake wa kadiri. Kisha ikaongeza kwamba sharti lolote au ukiri wowote, uwemo katika mkataba au usiwemo, unaokusudia kuiondoa au kuigeuza dhamana hiyo, ni batili. Basi hata lau ungalitia sahihi chini ya maneno hayo, mbele ya bidhaa mbovu yangalikuwa wino mtupu.

Wapo wanijibuo kwa kujiamini kwamba hiyo ndiyo ada ya biashara ya wazee wetu. Wazee gani? Fiqhi ya Kishafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wameifuata tangu dahari, humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye aibu ya tangu kwa muuzaji. Na ikiwa muuzaji ameshurutisha kwamba yeye ameepukana na lawama ya kila aibu, basi Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake Minhaj, kwa kauli aliyoiona kuwa ndiyo yenye nguvu, hampi salama ila katika jambo moja tu: aibu ya ndani ya mnyama, ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Mwenye kuuza kasuku aliye na maradhi yaliyofichika angaliweza kuitafuta nafuu humo. Ama pampu, kizimba na gunia la chakula havina maradhi ya kumsitiri mtu.

Uzushi wa pili ni kwamba aliyefungua boksi ameridhia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humpa mnunuzi nafasi ya kuikagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa ameipokea. Nani basi aliyewahi kukagua pampu ikiwa ndani ya karatasi zake? Na mwenye gunia la chakula lililoota ukungu chini, akaambiwa dukani kwamba mbwa wake hajaona njaa, ajue kwamba ubora haupimwi kwa njaa ya mbwa. Wala asikubali kusukumwa kwa mwenye kiwanda, kwani fedha alimpa muuzaji, na ni muuzaji huyo anayewajibika kwake.

Ila kughairi si ubovu. Ikiwa rangi ya kizimba imekuchukiza, au paka wako amekikataa kitanda kizima kisicho na ila, kurudishiwa ni hisani ya mwenye duka, na hapo kibao chake kinasimama.

Ama la kufanya ni jepesi. Acha kukitumia kitu mara uonapo ubovu, kipige picha, weka risiti au ujumbe wa M-Pesa, mwarifu muuzaji kwa maandishi kwamba umekikataa, umpe muda wa kujibu. Ikiwa hamkuagana vinginevyo, taarifa yatosha, si lazima ukibebe mwenyewe. Usikawie, kwa kuwa aliyekaa nacho kupita muda wa kadiri pasi na kusema huhesabiwa amekipokea, akabakiwa na kudai fidia tu. Mnyama akiugua kwa chakula, chukua cheti cha daktari wa mifugo. Muuzaji akikaidi, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, au ufungue madai katika Mahakama ya Madai Madogo, ipokeayo madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ambako waweza kujisemea bila ya wakili, na ambayo sheria imeitaka itoe hukumu katika siku 60. Usigombane kaunta, andika, kisha ushtaki.