Prado, Discovery na fundi wa chini ya mwembe

Mwaka 2009 uliwaachia wapenda magari ya porini ubishi ambao haujaisha. Land Rover ilitoa Discovery 4, Toyota ikatoa Prado ya toleo la 150. Sasa magari hayo yamezeeka kiasi cha kushuka bei, yanateremshwa bandarini Dar es Salaam yakiwa yametumika Japani au Uingereza, na mtu mwenye akiba ya kununua shangingi moja anabaki njia panda. Upande mmoja lipo gari analolijua kwa kuliona kila siku likipita na namba za STK za serikali na DFP za miradi ya wafadhili. Upande wa pili lipo gari zuri zaidi, kwa fedha pungufu.

Hilo la pili si masihara. Kwa mwaka uleule wa kuundwa, Discovery mara nyingi huuzwa bei ya chini kuliko Prado, ilhali kwenye karatasi inaishinda karibu kila mahali. Dizeli yake ya lita 3.0 yenye silinda 6 hufikisha nguvu ya msokoto ya Nm 600. Prado ya dizeli ya lita 3.0, silinda 4, huishia Nm 410. Ile ya petroli ya lita 2.7 ina Nm 246 tu za kusukuma gari la tani mbili na ushei, na dereva aliyepanda nayo mlima Kitonga ikiwa na abiria saba hahitaji kuelezwa maana ya tarakimu hizo. Hao abiria saba nao, wakiwa watu wazima, watakaa vizuri ndani ya Discovery hadi siti za nyuma kabisa. Kwenye Prado siti za mwisho ni za watoto. Halafu kuna springi za upepo. Dereva anabonyeza kitufe, na tumbo la Discovery linainuka kutoka milimita 185 hadi 310 juu ya ardhi. Prado iko kwenye 220 hivi, na nyingi hubaki hapohapo.

Basi kwa nini soko linaitukuza Prado?

Jibu liko gereji. Springi za upepo zina kompresa, na kompresa huchoka; ikizima njiani gari linalala chini na pori linageuka adhabu. Turbo za Discovery zimebanwa mahali finyu kiasi kwamba mafundi wengi huona nafuu kunyanyua bodi zima kutoka kwenye chasisi ili wazifikie. Injini yenyewe ina sifa mbaya ya kuharibu bering za kranki, na hata kranki kukatika. Ajali hiyo haitoi notisi ndefu, na bili yake inaweza kumfanya mwenye gari afikirie kuliuza kama spea. Fundi wa chini ya mwembe Ifakara au Mpanda, hata awe hodari vipi, hana kompyuta ya kulisoma gari hilo. Prado anaijua kwa kupapasa.

Ushahidi mwingine uko Arusha, kwa watu wanaopata riziki kwa magari haya. Kreta ya Ngorongoro ina kuta za mita 600 hivi, na haishukwi ila kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Barabara za Serengeti zina mikunjo kama bati. Kampuni nyingi za utalii zimejenga biashara juu ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kuundwa 1984, na injini yake ya 1HZ: lita 4.2, silinda 6, bila turbo. Haina kasi, haina starehe, na kelele zake zinasikika kabla haijaonekana. Lakini inarudi jioni na kesho inaondoka tena. Land Rover nayo ina wapenzi wake mjini humo: Oktoba 2024 Arusha ilikuwa na tamasha lililokusanya mamia ya magari hayo. Ila mnunuzi asidanganyike na mapenzi hayo. Defender ya zamani, ambayo kiwanda cha Solihull kiliacha kuiunda Januari 2016, ni chuma na nati. Discovery 4 ni nyaya na vihisio. Zimechangia nembo, hazikuchangia tabia.

Prado nayo si malaika. Japani iliacha kuuziwa Prado za dizeli mwaka 2007, zikarudi Juni 2015 na injini mpya ya lita 2.8. Maana yake, Prado ya 2011 iliyotumika Japani ni ya petroli, na anayetaka dizeli ya umri huo mara nyingi huletewa kutoka Uingereza, ambako jina lake ni Land Cruiser tu. Waingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hula chasisi kimyakimya. Gari linang'aa kwenye picha; chini limeoza. Hizo dizeli za lita 3.0 zinajulikana pia kwa matatizo ya nozeli. Ile ya 2.8 ina chujio la moshi linaloziba kwa safari fupifupi za mjini, na halipendi dizeli chafu. Afrika Mashariki ilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi 50 ppm mwaka 2015, hatua kubwa, ingawa dizeli ya Ulaya ni 10 ppm. Kuhusu uchakachuaji, mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, haikuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta kwa kujifurahisha.

Wapo washindani wengine. Pajero imeshinda mashindano ya Dakar mara 12 na bei yake ni ya kirafiki, lakini Mitsubishi ilisimamisha uzalishaji 2021. Nissan Patrol Y61, yenye ekseli nzima mbele na nyuma, ni jabali. Mrithi wake, Y62 ya V8 lita 5.6, anatamba kwenye michanga ya Oman na Emirati; huku kwetu kituo cha mafuta kitamzoea haraka mno.

Sheria nazo zinachagua. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Discovery 4, iliyokoma 2016, Mkenya ataipata kwa mwenye nayo nchini. Tanzania inalipokea lakini inalitoza zaidi kadiri linavyozeeka. Kikokotoo cha ushuru cha mamlaka ya mapato, TRA, kifunguliwe kabla ya kumtumia muuzaji hata senti.

Mkazi wa Masaki au Mikocheni mwenye fundi wa Land Rover anayemwamini, ambaye pori lake ni Saadani mara mbili kwa mwaka, achukue Discovery na aitengee fedha ya matengenezo mapema. Anayekwenda kila mwezi kukagua shamba Malinyi wakati wa masika achukue Prado ya petroli, avumilie uvivu wake mlimani. Yeyote kati yao, siku ya kukagua gari, alipandishe kwenye shimo la gereji, agonge chasisi kwa nyundo, aingize gia nzito za porini na kuisikiliza difu, kisha aizime injini na kuiacha ipoe kabisa kabla ya kuiwasha tena. Muuzaji aliyeipasha moto mapema asubuhi ana sababu yake.