Saratani ya Utumbo Mpana: Usione Haya Kumwambia Daktari

Leo tuna jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja mbele za watu, nalo ni choo kikubwa. Kama umeketi na wakwe au watoto, tafadhali usizime redio. Tutazungumza kwa heshima.

Mfikirie baba wa miaka 52. Kwa miezi mingi anaona damu anapokwenda haja kubwa. Anajiambia ni bawasiri. Ananunua dawa ya kupaka, tena katika duka la dawa la mbali ili asijulikane. Mkewe hajui. Siku anapofika hospitalini amekonda, damu imempungukia na tumbo limefura. Hakukosa nauli wala hakukosa daktari. Alichokosa ni ujasiri wa kusema.

Je, saratani hii huanzaje? Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo mpana. Kinyama hicho hakiumi. Kwa kawaida huchukua miaka mingi, pengine 10 au zaidi, kabla ya kugeuka kuwa saratani. Kikipatikana mapema, huondolewa kabla hakijaleta madhara. Ndiyo maana hata mtu anayejiona mzima hushauriwa kupimwa.

Kuna njia mbili kuu za kupima. Ya kwanza ni kupima choo. Unapewa kichupa chenye kijiti, unakwenda nacho nyumbani, na ukiwa peke yako unachukua choo kidogo sana. Hakuna anayekuona. Maabara hutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Ikipatikana, si lazima iwe saratani, lakini ni lazima utumbo uangaliwe.

Njia ya pili ni kolonoskopi. Kwanza unakunywa dawa ya kusafisha tumbo. Kisha daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa. Mara nyingi hupewa dawa ya kukutuliza au kukulaza. Unaweza kuomba ufunikwe vizuri, na pia uhudumiwe na muuguzi wa jinsia yako. Kuna wanaume wanaoogopa kwamba uchunguzi huu utawapunguzia uanaume. Hautawapunguzia chochote. Daktari amewaona wengi kabla yako, na anachotafuta ni ugonjwa.

Haya hizi si zetu Wakenya peke yetu. Nchini Marekani, mtangazaji wa televisheni Katie Couric alifiwa na mumewe mwaka 1998 kwa saratani hii. Mume huyo alikuwa na miaka 42. Mwezi Machi mwaka 2000, Couric alifanyiwa kolonoskopi mbele ya kamera, watu wakitazama majumbani mwao. Watafiti waliona kwamba baada ya hapo waliofanyiwa uchunguzi huo waliongezeka kwa takriban asilimia 20. Hakukuwa na dawa mpya. Mtu mmoja tu aliamua kutoficha.

Sasa, ni nani apimwe? Ukifikisha miaka 45, muulize mhudumu wa afya kuhusu vipimo hivi hata kama huna dalili. Kama mzazi au ndugu yako aliugua, uliza mapema zaidi. Lakini ukiona damu kwenye choo, au choo kibadilike kwa majuma kadhaa, au ukonde bila sababu, usingoje umri wowote. Nenda sasa.

Ukifika na ulimi ukawa mzito, sema maneno haya tu: "Daktari, naona damu ninapokwenda haja kubwa." Yatosha. Maswali mengine atauliza yeye. Ukishindwa kuyatamka, yaandike kwenye karatasi umpe.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Aibu ya chumba cha daktari huisha kwa dakika chache. Leo jioni, muulize mwenzako kama kuna jambo analolificha. Hadi juma lijalo, kwaheri na afya njema.