Sumu ya Dawa Ijulikane Kabla Haijafika Kapedo

Kapedo, penye maporomoko ya maji moto mpakani mwa Turkana na Baringo, iko katika ukanda wa kala-azar. Ugonjwa huu huenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu anayejificha kwenye vichuguu. Mgonjwa hushikwa na homa isiyokwisha, bandama huvimba, damu hupungua. Asipotibiwa, ni nadra kupona.

Kwa miongo mingi tiba kuu ilikuwa dawa ya antimoni, metali iliyo jamaa ya aseniki: sindano kila siku kwa siku 30. Humuua kimelea anayesababisha ugonjwa huu, lakini pia huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuumiza kongosho na ini. Ilianza kutumika kabla ya vipimo vya kisasa, kwa hiyo mengi kuhusu ukali wake yalijulikana kutokana na miili ya wagonjwa wenyewe. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ichanganywe na paromomycin, na matibabu yakapungua hadi siku 17. Hata hivyo sindano zikawa mbili kwa siku, na paromomycin nayo huweza kudhuru masikio.

Dawa ya namna hii inahitaji mlinzi: mashine ya kupima moyo, maabara ya damu, muuguzi wa kila siku. Vitu hivyo ni vya hospitali kubwa. Kwa mfugaji wa Kapedo, sumu ya dawa hupimwa pia kwa kilomita.

Ndiyo maana watafiti wa leo huitafuta sumu mapema. Kemikali mpya huwekwa kwanza kwenye bakteria, kuona kama inaharibu vinasaba; kisha kwenye seli za ini la binadamu; kisha kwenye vijitundu vya seli za moyo vinavyopitisha potasiamu, kwani vikizibwa mapigo huvurugika. Baadaye hufuata wanyama wa aina mbili, mmoja wa jamii ya panya na mwingine asiye wa jamii hiyo. Kinachotafutwa ni nafasi kati ya kipimo kinachoua kimelea na kinachomdhuru mtu. Nafasi ikiwa finyu, kemikali hutupwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa VL-2098, iliyotarajiwa kutibu kala-azar: iliachwa baada ya kudhuru korodani za wanyama wa majaribio.

Wakati mwingine dawa haitupwi, inawekewa masharti. Miltefosine, kidonge kilichoanzia kwenye utafiti wa saratani, kiliharibu mimba za wanyama. Kwa hiyo mwanamke anayeitumia hutakiwa kuzuia mimba wakati wa tiba na miezi mitano baadaye. Majaribio yaliyofanyika Kenya, Uganda, Sudan na Ethiopia yalionyesha kwamba ikichanganywa na paromomycin kwa siku 14 huponya kwa kiwango kinachokaribiana na tiba ya siku 17, bila antimoni. Sharti la mimba, hata hivyo, si jepesi pale ambapo huduma za uzazi wa mpango ziko mbali.

Maabara haiwezi kuona kila kitu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa kwenye sindano hizi na ukasikia masikio yakivuma au moyo ukidunda ovyo, usivumilie. Mwambie muuguzi siku hiyohiyo.