Kuhariri Mswada: Mafunzo kwa Mwandishi wa Riwaya

Makusudi ya makala haya ni kueleza baadhi ya mambo ambayo mwandishi wa hadithi za kubuni hujifunza anapouhariri mswada wake mwenyewe. Wengi wetu hulichukulia neno kuhariri kuwa ni kusahihisha tahajia, upatanisho wa ngeli na alama za kituo. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini ndiyo ya mwisho. Kabla yake ipo nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo ni kutambua hadithi yenyewe ni ipi.

Mfano mzuri twaupata kwa Chinua Achebe. Mswada wake wa kwanza ulihusu vizazi vitatu vya ukoo mmoja: Okonkwo, mwanawe na mjukuu wake. Mwaka 1956, akiwa London kwa mafunzo ya BBC, alimwonyesha mwandishi Gilbert Phelps, naye akaupenda. Hata hivyo, Achebe hakuridhika. Aliona kwamba vizazi vitatu haviwezi kuenea katika kitabu kimoja bila hadithi kupwaya. Akabakisha sehemu ya Okonkwo peke yake, akaipanua. Ndiyo Things Fall Apart ya mwaka 1958, ambayo mwaka 1973 iliwafikia wasomaji wa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo, katika tafsiri ya Clement Ndulute. Kisa cha mjukuu, Obi, kilitoka mwaka 1960 katika No Longer at Ease. Funzo la kwanza basi ni hili: kinachokatwa si lazima kiwe kibaya, yatosha kwamba hapo si mahali pake.

Funzo la pili lahusu kumwamini msomaji. Tuchukue sentensi hii: "Juma alikasirika mno kwa kuwa baba yake alikuwa ameuza shamba." Sarufi yake haina ila. Lakini tuilinganishe na hii: "Juma alikitua kikombe bila kunywa. 'Limekwenda kwa bei gani?' akauliza." Hasira haikutajwa, nayo imeonekana. Mwandishi anayehariri huyagundua maelezo ya aina ya kwanza kila ukurasa, kwa sababu ndiyo aliyojiandikia mwenyewe alipokuwa bado akiitafuta hadithi.

Tatu ni sauti za wahusika. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na sisi walimu wa lugha tuna kosa letu mahsusi: nahodha wa Lamu, utingo wa matatu na bibi wa Kakamega wote huzungumza Kiswahili cha mhadhara. Dawa yake ni kuyasoma mazungumzo kwa sauti, majina ya wasemaji yakiwa yamefunikwa. Ikiwa hatuwezi kuwatambua, wahusika hao hawajazaliwa.

Nne ni mwendo wa usimulizi. Kiambishi -ka- huyafunga matendo katika mfululizo. -Li- ikirudiwa hulitenga kila tendo lisimame peke yake. Katika rasimu ya kwanza twaviandika kwa mazoea. Katika kuhariri twauliza: hapa msomaji akimbie, au asimame atazame?

Mafunzo haya sikuyapata darasani, hata katika masomo yangu ya uzamili ng'ambo. Niliwahi kuandika riwaya nikaipitia mara tatu, kila mara nikiwinda makosa ya sarufi. Mchapishaji aliirudisha. Nilipoisoma upya baada ya miezi kadhaa, niliona kwamba hadithi ilianza katika sura ya nne. Sura tatu za mwanzo zilikuwa za kunionyesha mimi nilivyoujua mji ule. Hazikuwa na kosa hata moja la ngeli.

Jambo hili latugusa sisi tunaofundisha. Twawapa wanafunzi riwaya iliyokamilika, wakadhani ilizaliwa hivyo. Insha zao twazipiga wino mwekundu, twazitia alama, tusiwatake waandike upya. Kwa njia hiyo twafunza usahihishaji, lakini hatufunzi uandishi. Ingefaa wahitajiwe kuleta rasimu mbili za hadithi moja, na alama zitolewe kwa yale yaliyobadilika kati ya ya kwanza na ya pili, pamoja na sababu zake. Mwalimu naye aanze kwa kuwaonyesha kurasa zake mwenyewe alizozikata.